A.M. Jeevanjee: Bwanyenye aliyewaachia wakazi wa Nairobi bustani

MSAFIRI anayetoka Wema, Garsen au Hola na kufika Nairobi kwa mara ya kwanza hakosi kulisikia jina la Jeevanjee. Ni jina linalotumiwa kuelekezana njia, kupangia miadi na kutajia mahali pa kupumzika wakati wa mchana, jua linapowaka na mfuko ukiwa hauruhusu mtu kuingia hotelini.

Bustani hiyo ya takriban ekari tano imezungukwa na Moi Avenue, Muindi Mbingu Street, Monrovia Street na Moktar Daddah Street. Ndani yake kuna miti, viti, vijia na nyasi. Hapatozwi kiingilio na hakuna anayeulizwa shughuli iliyomleta.

Hata hivyo, wengi wa wale wanaolitaja jina hilo kila siku hawajui mwenyewe alikuwa nani, alitoka wapi, wala ni kwa nini kipande hicho cha ardhi yenye thamani kubwa hakijajengwa ghorofa hadi leo.

Maisha ya Alibhai Mulla Jeevanjee ni maisha ya mtu aliyejitajirisha kwa kujenga na kumiliki viwanja katika mji uliokuwa ukichipuka. Ajabu ni kwamba jina lake limedumu kwa sababu ya kiwanja kimoja tu, nacho ni kile ambacho hakukibakisha mikononi mwake.

Kutoka Karachi hadi Mombasa

Jeevanjee alizaliwa mwaka wa 1856 mjini Karachi, katika Bara Hindi lililokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Leo Karachi ni mji wa Pakistan. Jamaa zake walikuwa Mabohora, Waislamu wa madhehebu ya Shia ambao kwa karne nyingi wamejulikana kwa biashara katika pwani zote za Bahari ya Hindi.

Hakupata elimu nyingi ya darasani. Alichojaliwa ni jicho la kuona faida mahali ambapo wengine waliona nyika tupu, na ujasiri wa kuvuka bahari kuifuata faida hiyo. Kabla ya kufika Afrika alikuwa tayari amefanya biashara katika mji wa Adelaide, nchini Australia.

Mnamo mwaka wa 1890 alitia nanga Mombasa na kufungua tawi la kampuni yake. Wakati huo eneo ambalo baadaye lingeitwa Kenya lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa, na biashara ya Pwani ilikuwa imeshikwa na Waarabu, Waswahili na Wahindi waliotangulia, wengi wao wakiwa na mizizi Zanzibar.

Jeevanjee hakuja kuuza nguo na shanga dukani. Alikuja kutafuta kandarasi kubwa, naye alizipata.

Reli ilipoanza kujengwa

Serikali ya Uingereza ilipoamua kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, ujenzi ulioanza mwaka wa 1896, ilihitaji watu wengi kuliko waliokuwa tayari kuajiriwa nchini. Ikageukia Bara Hindi. Takriban vibarua na mafundi 32,000 waliletwa kwa meli katika muda wa miaka michache, na kampuni ya Jeevanjee ikawa miongoni mwa zile zilizopewa kazi ya kuwatafuta na kuwasafirisha.

Isitoshe, watu hao walihitaji kula. Unga, mchele, dengu na samli vilisafirishwa kutoka Bara Hindi hadi Mombasa, kisha vikafuata reli ilivyosonga mbele, kambi baada ya kambi. Kampuni yake ilishiriki pia kuchimba mawe, kusawazisha ardhi na kujenga majumba ya stesheni.

Reli hiyo ilikula watu. Karibu vibarua 2,500 walikufa kwa magonjwa, ajali na simba wa Tsavo waliotisha kambi mwaka wa 1898. Wengi wa walionusurika walirejea makwao mikataba yao ilipokwisha, lakini zaidi ya 6,000 walibaki na kuwa sehemu ya nchi hii.

Ni vyema msomaji akumbuke kwamba utajiri wa Jeevanjee ulijengwa juu ya mgongo wa jasho hilo. Kila kibarua aliyeshuka melini na kila gunia la mchele lililopakuliwa lilikuwa hesabu katika daftari lake.

Mji juu ya kinamasi

Mnamo Mei 1899 reli ilifika mahali palipoitwa na Wamaasai kwa jina lenye maana ya maji baridi. Palikuwa na mto, mafunjo na tope. Wahandisi wa reli walipachagua kwa sababu palikuwa uwanda wa mwisho kabla ya treni kuanza kupanda milima, na hapo wakaweka karakana na maghala yao. Hivyo ndivyo Nairobi ilivyozaliwa.

Mji huo wa mwanzo ulikuwa wa mabati na turubai. Mtaa wa maduka ya Wahindi ulisongamana watu, maji machafu hayakuwa na pa kwenda, na mwaka wa 1902 ugonjwa wa tauni ulizuka. Wakuu wa afya waliona suluhisho moja tu, wakaamuru mtaa huo uteketezwe kwa moto.

Ni baada ya moto huo ambapo Jeevanjee aliingia kwa kishindo katika ujenzi wa Nairobi. Alijenga soko na maduka ya kukodisha, na pia majengo ambayo serikali changa ya mkoloni iliyatumia kama ofisi na makazi ya maafisa wake. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 alitambuliwa kuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa zaidi wa majumba mjini humo.

Mwaka huo huo wa 1902, alianzisha gazeti la kila wiki mjini Mombasa lililoitwa African Standard. Alilimiliki kwa miaka michache tu, kwani mwaka wa 1905 aliliuza kwa Wazungu wawili, Anderson na Mayer. Gazeti hilo likahamia Nairobi, likaitwa East African Standard, na baada ya miongo mingi likawa The Standard tunalolifahamu.

Lilipokwisha kubadilisha mikono, gazeti lile likawa sauti ya walowezi, yaani watu wale wale ambao Jeevanjee angetumia nusu ya maisha yake akipambana nao. Biashara ilimpa pesa, lakini ilimnyang'anya silaha ambayo baadaye angeihitaji sana.

Zawadi ya mwaka 1906

Mwaka wa 1906, Jeevanjee alichukua kiwanja kimoja katika mji huo wa vumbi na matope, akakigeuza kuwa bustani na kuikabidhi kwa umma. Katikati yake aliweka sanamu ya Malkia Victoria wa Uingereza, aliyekuwa amefariki miaka mitano awali. Mwana wa malkia huyo, Mtawala wa Connaught, ndiye aliyeizindua alipozuru Nairobi.

Kwa macho ya leo, tendo la kumsimamishia malkia wa wakoloni sanamu katika ardhi ya Afrika linaweza kuonekana kuwa la kujipendekeza. Bila shaka hilo lilikuwemo. Mfanyabiashara anayetegemea kandarasi za serikali hana budi kuonyesha utiifu.

Lakini palikuwa na jambo jingine. Mwaka wa 1858 tangazo lilitolewa kwa jina la Malkia Victoria likiwaahidi raia wake wa Bara Hindi kwamba watatendewa sawa na raia wake wengine. Wahindi walilishika tangazo hilo kama hati ya deni. Kumsimamisha malkia huyo katikati ya Nairobi, mbele ya walowezi waliotaka Wahindi watengwe, kulikuwa sawa na kumkumbusha mdaiwa ahadi yake hadharani kila anapopita.

Ikumbukwe pia kwamba mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka saba tu. Barabara zilikuwa hazijamalizika, na kila mwenye akili ya biashara alikuwa akinyang'ania viwanja. Kutenga ekari kadhaa za mahali pa kukaa tu, pasipo kodi wala duka, lilikuwa jambo ambalo hesabu za kawaida za bwanyenye hazingelikubali.

Vita vya usawa

Walowezi Wazungu waliokuwa wakimiminika nchini hawakuficha nia yao. Walitaka nyanda za juu zenye rutuba ziwe zao peke yao, na miji igawanywe kwa rangi. Mwaka wa 1908 serikali ya London ilikubali kwamba Wahindi wasigawiwe ardhi katika nyanda hizo, na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikakaza uzi huo.

Jeevanjee, mtu aliyekuwa amejenga ofisi za serikali hiyo hiyo, alijikuta akiambiwa kuwa hafai kumiliki shamba Limuru au Nakuru. Akageukia siasa. Tayari alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Wahindi wa Mombasa mwaka wa 1900, na mwishoni mwa muongo huo aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika baraza hilo.

Alikaa humo muda mfupi na kugundua kwamba kiti kimoja kati ya Wazungu watupu hakikuwa na nguvu yoyote. Mwaka wa 1910 alikwenda London kupeleka malalamishi moja kwa moja kwa wakubwa na kwa magazeti ya huko. Mwaka wa 1912 alichapisha kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki, na mwaka wa 1914 akawa miongoni mwa waasisi wa kongamano la kitaifa la Wahindi wa eneo hili.

Historia haina budi kusimulia na upande wa pili. Usawa aliokuwa akiudai Jeevanjee katika miaka hiyo ulikuwa usawa wa Mhindi na Mzungu. Alipokuwa London alifikia hatua ya kupendekeza eneo hili liunganishwe na himaya ya Bara Hindi, kana kwamba nchi haikuwa na wenyewe. Mwafrika, aliyekuwa amepokonywa ardhi hiyo iliyogombewa, hakuwemo katika hesabu.

Kizazi kilichomfuata ndicho kilichoanza kuyaona mambo kwa mapana zaidi. Manilal Desai, aliyefika nchini mwaka wa 1915, alishirikiana na Harry Thuku na kumsaidia kuchapisha malalamishi ya Waafrika kuhusu kipande na kodi, hadi Thuku alipokamatwa Machi 1922.

Mwaka wa 1923, Jeevanjee na Desai walikuwa pamoja katika ujumbe uliokwenda London wakati wa mazungumzo kuhusu mustakabali wa koloni. Waraka uliotolewa Julai mwaka huo na waziri wa makoloni, Mtawala wa Devonshire, ulitamka kuwa maslahi ya Waafrika ndiyo yangetangulia yote. Nyanda za juu zilibaki kuwa za Wazungu na Wahindi wakapewa viti vitano tu barazani, ingawa mpango wa kutenga makazi ya mijini kwa rangi uliondolewa.

Kwa Jeevanjee, aliyekuwa na umri wa miaka 67, matokeo hayo yalikuwa pigo. Mali yake nayo ilikuwa imeanza kupukutika. Biashara ziliyumba, majumba yakatoka mikononi mwake moja baada ya jingine, na aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa zaidi nchini akaingia uzeeni akiwa na sehemu ndogo tu ya aliyokuwa nayo. Alifariki Nairobi tarehe 2 Mei 1936, akiwa na umri wa miaka 80.

Bustani baada ya mwenyewe

Msiba wa tajiri aghalabu hufuatwa na kugawana. Majumba ya Jeevanjee yaliuzwa, yakabomolewa, mengine yakajengwa upya kwa majina mengine. Bustani haikuwa na wa kuirithi kwa sababu ilikwisha kutolewa.

Baada ya uhuru, bustani hiyo ilipata wenyeji wapya. Wafanyakazi wa ofisini waliifanya mahali pa kula chakula cha mchana, na wahubiri wakaigeuza kuwa kanisa lisilo na paa. Kuanzia miaka ya 1990, wananchi walianza kukutana humo kujadili siasa za nchi. Wakajiita Bunge la Mwananchi. Mtu asiye na kazi aliweza kusimama chini ya mti na kumhoji msomi wa chuo kikuu, na wasikilizaji wakaamua nani kashinda.

Hata sanamu ya malkia iliingizwa katika mazungumzo hayo. Kuna waliompigia picha, waliomkejeli, waliodai aondolewe na waliotaka abaki ili watoto waone historia yao. Mwaka wa 2015 watu wasiojulikana waliiharibu na kuikata kichwa.

Hatari kubwa zaidi kwa bustani hiyo, hata hivyo, haikutoka kwa wavunja sanamu. Ilitoka kwa wenye kalamu na mihuri. Mwaka wa 1991, tume iliyokuwa ikisimamia jiji ilikuja na mpango wa kujenga humo maegesho ya magari ya ghorofa pamoja na maduka. Iliwaahidi wananchi kuwa wangefaidika na maendeleo.

Aliyesimama kupinga ni Bi Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee. Alikusanya sahihi, akaandika barua na kuwaamsha wakazi wa jiji. Aliungwa mkono na marehemu Prof Wangari Maathai, ambaye mwaka wa 1989 alikuwa ameanzisha vita vya kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park. Ulikuwa wakati wa chama kimoja, ambapo kupinga mradi wa wakubwa kuliweza kumgharimu mtu uhuru wake. Mpango huo ulisitishwa.

Mwaka wa 2007 wazo la kujenga katika bustani hiyo lilijitokeza tena, na kwa mara nyingine likapingwa hadi likazimika. Miaka michache baadaye mambo yalichukua mkondo tofauti. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi pamoja na Kaunti ya Nairobi waliwaita wakazi kuichora upya bustani hiyo kwa kutumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft, ambapo kila mmoja aliweza kuonyesha angependa taa, kiti au lango viwekwe wapi. Ukarabati ulifuata.

Funzo la kuachiwa ardhi

Mfano wa Jeevanjee si wa pekee. Kando ya Mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe, palikuwa na ardhi iliyotelekezwa, ikawa jaa la taka na maficho ya wahalifu. Marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira kuanzia mwaka wa 2008, alisimamia kusafishwa kwake na kupandwa miti. Alipofariki Februari 2012, mahali hapo palianza kuzorota tena, hadi palipokarabatiwa mwaka wa 2020 na kuitwa kwa jina lake.

Visa hivi viwili vinaafikiana katika jambo moja. Anayetoa ardhi, au anayeiokoa kutoka kwenye taka, hufanya kazi ya siku moja tu. Kazi ya siku zote zinazofuata ni ya wale wanaoitumia. Jeevanjee angeweza kutoa bustani kumi, lakini kama wakazi wa Nairobi wangenyamaza mwaka wa 1991, leo jina lake lingekuwa limeandikwa kwenye tiketi za kuegesha magari.

Funzo hilo lina uzito wa pekee kwa miji inayokua sasa. Garsen, mji ulio jirani na Wema, umo katika hatua ambayo Nairobi iliipitia zamani. Barabara zinafika, viwanja vinapimwa na wanunuzi wanakuja kutoka mbali. Watu wa Bonde la Tana wanajua vyema jinsi mvutano wa ardhi baina ya wakulima na wafugaji unavyoweza kugharimu maisha. Wakati wa kutenga uwanja ambao si wa mkulima wala wa mfugaji, wa tajiri wala wa diwani, ni sasa kabla bei haijapanda, na hati yake iandikwe kwa jina la umma.

Jeevanjee hakuwa malaika. Alitajirika kwa jasho la vibarua, alimtukuza malkia wa wageni na hakumtetea Mwafrika alipotetea watu wake. Lakini katika mji ambao kila mtu alikuwa akijipimia chake, aliwapimia pia watu ambao hakuwajua. Wazao wa watu hao, wasio na ekari hata moja jijini, ndio wanaokaa kivulini mwake leo bila kuombwa senti.